Honda WB30XT Baada ya Dhoruba: Pampu ya Bwawa, Si ya Bunka

Mvua ya masika ikishuka kwa fujo Nairobi, uwanja wa gofu hupata taabu tatu kwa mpigo: miti huanguka, mitaro huziba, na bunka, yale mashimo ya mchanga, hugeuka mabeseni. Kwa hiyo taabu ya tatu, klabu nyingi hukimbilia pampu ya petroli ya inchi 3, na jina linalotajwa mapema dukani ni Honda WB30XT. Ni pampu nzuri. Tatizo ni kwamba hununuliwa kwa kazi ambayo haikuundiwa, kisha ikilika ndani ya msimu mmoja hulaumiwa yenyewe. Hapa tunaipima kwa kazi ya uwanja wa gofu peke yake, katika mwinuko wa Nairobi, kwa tope na majani ya Nairobi.

Kitabu chake kinasema hivi: injini ya GX160 yenye cc 163, mdomo wa inchi 3 wa kufyonza na mwingine wa kutoa, uwezo wa kusukuma takriban lita 1,100 kwa dakika, kichwa (yaani urefu wa juu kabisa inaoweza kuyapandisha maji) cha mita 23, uzito wa kilo 27 hivi. Watu wawili huibeba bila kulalamika, na mmoja huisukuma kwa wilbaro. Tangi la petroli lina lita 3 na kidogo, na hilo hutosha kama saa mbili za kazi nzito. Inavyokunywa, hakuna wa kulalamika.

Sasa tuzitazame hizo lita 1,100. Hicho ni kipimo cha usawa wa bahari, maji yakiwa karibu kabisa na pampu na hosi ikiwa fupi. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na mwinuko huo unaigusa pampu mara mbili.

Kwanza ni injini. Kitabu cha Honda chenyewe kinaeleza kuwa nguvu hupungua kwa takriban asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda. Piga hesabu: kwa mita 1,700 umeshapoteza karibu asilimia 20 kabla hujavuta kamba. Tena hewa ikiwa nyepesi na kabureta ikabaki ilivyotoka kiwandani, petroli huzidi hewa. Dalili zake ni moshi mweusi, plagi yenye masizi, na injini inayonguruma bila nguvu. Kwa mashine itakayofanya kazi siku zote juu ya mita 1,500, Honda hushauri kabureta irekebishwe na wakala, yaani iwekwe jeti (kitundu cha kupitishia petroli) ndogo ya mwinuko. Uliza jambo hili kabla ya kulipa. Muuzaji akikutazama kama umeuliza habari za mwezini, tafuta duka lingine. Na ikiwa klabu ina uwanja dada Pwani na pampu huazimwa huku na huko, jeti ya kiwandani irudishwe kabla pampu haijateremka, la sivyo injini itakosa petroli ya kutosha, ipate joto kupita kiasi na kuharibika.

Pili ni ufyonzaji. Watu husema pampu "inavuta" maji, lakini kinachoyapandisha ni uzito wa hewa iliyo juu yake. Usawa wa bahari hewa hiyo inaweza kuinua maji mita 10 na kidogo kwa nadharia. Nairobi ni kama mita 8.4. Pampu iliyoandikwa kufyonza mita 7.5 au 8, hapa ihesabu kuwa ya mita 6, na ukitaka ifanye kazi bila kukohoa usiiweke zaidi ya mita 4 juu ya maji. Bunka zenye kuta ndefu na mabwawa yenye kingo za juu hukukwamisha hapo. Fundi anaweza kubadilisha gasketi mchana kutwa, kumbe tatizo ni pampu kukaa juu mno.

Hosi nayo inataka hesabu yake. Ukisukuma lita 1,000 kwa dakika ndani ya hosi ya inchi 3, kila mita 30 zinakula karibu mita 5 za kichwa kwa msuguano tu. Ukibana kutoka inchi 3 hadi inchi 2 kwa sababu stoo kulikuwa na hosi ya inchi 2, msuguano kwa kiasi kilekile cha maji unazidi mara saba, na pampu ya inchi 3 inafanya kazi ya pampu ndogo huku ikinywa petroli ya kubwa. Kwa mpangilio wa kawaida wa uwanjani, yaani mita 2 au 3 za kufyonza, hosi ya mita 30 na mwinuko kidogo wa kutolea, kadiria lita 600 hadi 700 kwa dakika. Bunka ya mita za mraba 80 yenye maji ya wastani wa sentimita 20 ina lita 16,000. Hiyo ni kazi ya dakika 25, wala si 15 kama karatasi inavyodai. Bado ni kasi nzuri.

Hata hivyo pampu isiwe chombo cha kwanza kutoka stoo. Mvua ya milimita 50 juu ya hekta moja ni lita 500,000. Hata kwa lita 1,100 kamili, ungekaa zaidi ya saa saba na nusu ukihangaika na hekta moja, na uwanja wa mashimo 18 una hekta kadhaa kadhaa. Maji ya feawei, ile njia pana ya nyasi fupi kuelekea shimo, yanaondoka kwa mtaro. Kwa hiyo asubuhi baada ya dhoruba, kwanza kagua miti iliyolalia nyaya za umeme na uzuie watu kupita hapo hadi Kenya Power wafike. Kisha nenda kwenye vyuma vya midomo ya mitaro ukiwa na reki na jembe. Majani ya mgrivilea hufunga chuma hicho kama mkeka. Ukiuzibua, mara nyingi ziwa lililokuwa mbele yake hushuka lenyewe na pampu haina haja ya kwenda huko. Baada ya mitaro ni grini, yaani uwanja mdogo wa nyasi laini wenye shimo, na ndipo zamu ya bunka.

Grini tuzungumzie kidogo, kwa sababu hapo WB30XT haifai kabisa na bado utaona mtu akijaribu. Maji ya grini ni ya kina cha sentimita moja au mbili, na chujio la pampu hii linaanza kumeza hewa yakibaki sentimita 5 hadi 8. Tumia mpira mpana wa kusukumia maji, yaelekeze upande wa mteremko, na kama matope yameletwa na mafuriko yaoshe kwa hosi ya maji safi yakiwa bado mabichi. Yakikauka yanafanya gamba linaloziba pumzi ya nyasi, na kulibandua kunaondoa na nyasi. Nyasi za kikuyu za feawei ni wenyeji wa nyanda hizi. Zitavumilia kulala majini siku moja au mbili. Nyasi laini za grini hazina subira hiyo, hasa jua kali likitoka saa sita mchana juu ya maji yaliyosimama.

Kwenye bunka, hukumu yetu ni hii: WB30XT inaweza kuikausha, lakini kwa gharama ya maisha yake.

Sababu ni mchanga. Pampu hii ni ya maji safi au yenye uchafu mdogo. Vitu vigumu inavyoweza kupitisha ni vya milimita 6 hivi. Watu husoma hapo wakasema mchanga ni mdogo kuliko milimita 6, basi utapita. Ni kweli utapita, na ndiyo shida. Punje za mchanga wa bunka nyingi ni kati ya robo milimita na milimita moja, chujio haliwezi kuzizuia, na zikizungushwa kwa kasi ya mizunguko 3,600 kwa dakika zinasaga impela (gurudumu linalosukuma maji) na kasha lake la chuma cha kusubu. Nafasi kati ya impela na kasha inapanuka, shinikizo linashuka, na pampu iliyokuwa ikijaza hosi ikawa inatoa mkojo. Sili ya shafti inafuata: ukiona maji yanadondoka kati ya pampu na injini, mchanga umeshafika hapo. Juu ya hayo, mchanga unaotoka na maji ni mchanga wa bunka ulionunuliwa kwa lori, na sasa unaumwagia mtaro uliotoka kuuzibua.

Kama ndiyo pampu pekee uliyo nayo, fanya hivi. Chimba shimo mahali pa chini kabisa pa bunka, kina cha kutosha kuzamisha ndoo ya lita 20. Toboa ndoo hiyo matundu ya milimita 5 au 6 pande zote, ifunge kwa tabaka mbili za neti ya kivuli, ile inayotumika kwenye vitalu vya miche, na weka kokoto sentimita 5 chini yake. Chujio la hosi liingie ndani ya ndoo, lining'inizwe lisiguse sakafu. Neti itapunguza mchanga, kokoto zitazuia ndoo kuzama, na mtu mmoja asimame na reki kusukuma majani mbali. Oktoba na Novemba, mijakaranda ikichanua wakati wa vuli, maua yake hujibandika kwenye neti kama karatasi iliyolowa; yapangushe kila dakika chache. Ukisubiri hadi sauti ya injini ibadilike, pampu imeshaanza kuzunguka na hewa.

Usiiweke pampu kwenye mteremko wa bunka. Injini ya GX160 ina kifaa cha kuizima oili ikipungua, na ikiinama sana kifaa hicho hudhani oili imekwisha: injini inazima au inakataa kuwaka, na fundi anaanza kufungua plagi bure. Ubao mpana juu ya nyasi tambarare, karibu na ukingo, unatosha. Kumbuka tu kwamba kila unapopanda ukingo unaongeza urefu wa kufyonza uliotajwa hapo juu. Mwisho wa hosi ya kutolea upeleke upande wa chini wa mteremko, mahali ambapo maji hayawezi kurudi bunkani, na umwage juu ya rafu, yaani ukingo wa feawei wenye nyasi nene, ili tope lishikwe na nyasi. Usielekeze maji ya tope moja kwa moja mtoni. Sheria ya mazingira ina la kusema, na majirani walio chini ya mto pia.

Kabla ya kuvuta kamba, jaza kasha la pampu maji kupitia kizibo cha juu. Inaitwa pampu inayojifyonzea yenyewe, na wengi hulielewa jina hilo vibaya. Inajifyonzea ikiwa tu kasha lina maji. Ikizunguka kavu, sili inapata joto na kupasuka, na hapo umenunua sili kwa uzembe wa dakika moja. Ikijazwa na bado haivuti baada ya dakika chache, zima na ukague hosi ya kufyonzea: gasketi ya mpira kwenye mdomo ipo? Klempu zimekazwa? Hosi yenyewe ni ile ngumu yenye waya au plastiki ya mzunguko? Ukiweka hosi laini ya kutolea upande wa kufyonza, inanywea na kuziba. Ufa mdogo usiovuja tone hata moja kwa nje unatosha kuingiza hewa.

Ikiwa bajeti inaruhusu, kwa bunka tunapendekeza vingine viwili. WT30X ya Honda ni pampu ya maji machafu: injini ya GX270, lita 1,200 hivi kwa dakika, na inapitisha vitu vya hadi milimita 27 au 28. Kasha lake linafunguliwa kwa mkono ili kutoa vijiti na mawe. Ina uzito wa karibu kilo 60, hivyo bila magurudumu au trela ndogo itabaki stoo, maana hakuna anayetamani kuibeba hadi shimo la 14. Kwa uwanja wenye bunka ndogo nyingi, WB20XT ya inchi 2 ni rafiki zaidi wa mgongo: kilo 20 hivi na lita 600 kwa dakika. Nayo ni ya maji safi, kwa hiyo hila ya ndoo na neti inabaki palepale. Pampu za umeme za kuzamishwa hukausha hadi milimita chache na kwa kazi hiyo zinazishinda zote, ila dhoruba iliyoangusha miti kwa kawaida imeondoka na umeme pia.

WB30XT inang'aa bwawani. Kushusha maji ya bwawa kabla ukingo haujamomonyoka, kujaza tangi la kunyunyizia pampu kuu ikiharibika, kuhamisha maji yaliyotuama kwenye bonde la feawei ambako mtaro umeporomoka: hapo maji ni mengi, mchanga ni mchache, na pampu hii hufanya kazi siku nzima bila fujo. Kwa viwanja vya kaskazini na magharibi mwa jiji, kama upande wa Muthaiga na Kabete, udongo mwekundu hunywa maji upesi na madimbwi ya namna hii huwa machache. Kuelekea Embakasi na tambarare za Athi, udongo mweusi hufura na kufunga, maji hukaa juu siku kadhaa, na pampu ya inchi 3 inajilipa mapema.

Bunka ikishakauka kazi haijaisha, na kuchelewa hapa ndiko kunakoharibu mchanga. Tope laini huelea juu na kutulia mwisho, likiacha ngozi ya nusu sentimita hadi sentimita moja. Ngozi hiyo ing'olewe kwa koleo bapa ikiwa bado na unyevu. Ikichanganywa na mchanga kwa reki inashuka hadi kwenye kokoto za mfereji wa chini, na mvua ijayo bunka itashika maji zaidi. Halafu rudisha mchanga ulioporomoka kwenye kuta na upime kwa ufito wenye alama: sentimita 10 hadi 15 sakafuni, kama 5 kwenye kuta. Nahodha akikuharakisha kwa sababu ya mashindano ya Jumamosi, mkumbushe kwamba kwenye bunka yenye maji ya muda mchezaji anapata nafuu ya bure, yaani kuhamisha mpira bila adhabu, akiwa ndani tu. Akitaka kutoka nje analipa pigo moja. Kamati inaweza kutangaza bunka iliyofurika kuwa eneo linalotengenezwa, na ugomvi ukaisha.

Mashine za kukata nyasi zisiingie hadi feawei iokotwe vijiti vyote. Kijiti cha unene wa kidole kinatosha kutia pengo kwenye kisu cha chini cha mashine ya silinda, na kukinoa upya ni kazi ya nusu siku.

Utunzaji wa pampu yenyewe ni mwepesi, ila haupendi kuahirishwa. Baada ya kila kazi ya tope, iache ifyonze maji safi kutoka kwenye pipa kwa dakika chache, kisha fungua kizibo cha chini cha kasha na uyamwage yote. Impela ya chuma ikilala na maji miezi miwili inashikwa na kutu, na msimu ujao kamba haivutiki. Oili ni lita 0.6 hivi ya SAE 10W-30. Ya kwanza ibadilishwe baada ya saa 20 za kazi, zinazofuata kila saa 100 au miezi sita. Kichujio cha hewa cha sponji kioshwe kwa sabuni, kikauke, kitiwe oili ya injini na kukamuliwa. Plagi iwe na pengo la milimita 0.7 hadi 0.8. Masika ikiisha, funga bomba la petroli na uiache injini izime yenyewe, kisha mwaga iliyobaki kwenye bakuli la kabureta. Petroli iliyokaa humo tangu Juni hadi Oktoba huacha gundi kwenye jeti, na siku ya mvua ya kwanza ya vuli utasikia injini ikiwaka na choki tu, ikizima ukiiondoa.

Kuhusu kununua: maduka ya Kirinyaga Road na Industrial Area yana pampu nyingi zenye rangi zilezile na injini zinazofanana na GX160 hadi skrubu. Nyingine zinafanya kazi vizuri kwa bei ya chini sana, na kwa klabu ndogo inayohitaji pampu mara chache kwa mwaka hilo si wazo baya, mradi ujue unachonunua. Kasoro hutokea ukilipa bei ya Honda kwa kitu kisicho Honda. Tafuta nambari ya injini iliyopigwa kwenye bloku na uilinganishe na hati za wakala. Omba iwashwe mbele yako ikiwa na hosi ya kufyonzea ya mita 3 ndani ya pipa la maji: itakuwa imevuta ndani ya dakika moja au mbili. Kisha izimwe, iwashwe tena ikiwa moto. Siku hiyohiyo ongeza sili moja ya akiba, gasketi mbili za mdomo, klempu nne na chujio la pili, maana hivyo vidogo ndivyo vinavyokosekana Aprili wakati kila mtu mjini anavitafuta.